Masisi na Walikale: Rezo iingie nyumbani, raia wasitumwe kilimani usiku

MASISI / WALIKALE – Kila mara wakaaji wanapolalamika kwamba simu haishiki ndani ya nyumba, jibu ni lile lile: «Tokeni inje, mupande kilima.» Anayejibu hivyo ni mtu anayelala mahali penye taa na mlango wenye kufuli. Kwa raia wa Masisi na Walikale, jibu hilo ni baya, na wakati umefika likataliwe.

Kilima chenye rezo kinajulikana na wote: wenye simu, wezi na wenye bunduki. Mama anayetoka saa mbili usiku kutafuta sauti ya mtoto wake aliyekimbilia Goma hajui atakutana na nani njiani. Kijana anayesimama juu na simu sikioni anaweza kuulizwa anampigia nani, na nani amemtuma kuhesabu askari. Katika vita, swali kama hilo linaweza kuwa la mwisho kwake.

Na wanaopanda huko hawaendi kucheza. Masisi-kati ilitekwa mwanzo wa Januari 2025, Walikale-kati tarehe 19 Machi mwaka huo huo. Jamaa zimetawanyika: baba shambani, mama kwa familia iliyompokea, watoto mjini. Benki za Goma zilipofungwa Januari 2025, pesa nyingi za kula zilianza kupitia kwenye simu. Ujumbe wa pesa ukikwama, chungu hakiendi motoni siku hiyo.

Wengine wanalaumu ukuta. Wanasema: «Mulijenga nyumba nzito mno.» Lakini ukuta mnene ndio unaozuia baridi ya milima ya Masisi, ambako vilima vingi vinapita mita 2.000, na ndio unaoweza kusimamisha risasi iliyopotea. Nyumba ya mbao hupitisha rezo vizuri zaidi, lakini hupitisha risasi pia. Hakuna mzazi anayepaswa kuchagua kati ya usalama wa watoto na habari za ndugu.

Ni kweli, ukuta una sehemu yake. Udongo uliolowa mvua humeza mawimbi ya simu kuliko udongo mkavu, na manjanja huyarudisha kama kioo kinavyorudisha mwangaza. Kwa hiyo, katika nyumba ya matofali manene yenye manjanja juu, rezo huingia hasa kwa dirisha na mlango. Ndivyo ilivyo pia katika shule na makanisa mengi wanamolala waliokimbia vita.

Lakini rezo yenye nguvu inje haiishi yote kwenye ukuta. Simu inayokufa mara tu ikivuka mlango inaonyesha kwamba rezo ilikuwa dhaifu tangu inje. Walikale peke yake ina zaidi ya kilometa za mraba 23.000 za msitu na vilima. Mnara wa kawaida wa 2G hauhudumii simu iliyo mbali kupita kilometa 35 hivi, hata pasipo kizuizi. Mlima ukikaa katikati, hata kilometa 5 ni nyingi. Kosa la kwanza basi ni la mnara ulio mbali, au uliozimika kwa kukosa mafuta. Fundi wa matofali hana deni hapo.

Wakati deni hilo halijalipwa, yako mambo ya kufanya bila kutoka usiku. Mchana, jaribu simu kwenye kila dirisha, hasa linaloelekea mnara. Weka alama pale inaposhika. Hatua moja tu inaweza kubadili mambo. Tundika simu hapo ndani ya kikapu, kisha ongea kwa waya wa masikio. Kama simu inaruhusu, chagua 2G peke yake kwa kuongea, kwa maana mawimbi yake ya megahezi 900 hupenya na kufika mbali kuliko yale ya 2100 yanayotumiwa na 3G. Simu inayotafuta rezo bila kupata humaliza batri upesi, na kuchaji ni franga.

Shule, parokia au kituo cha afya kinaweza kununua simu ya mezani yenye tundu la antene, na kusimamisha antene inje ikielekezwa kwenye mnara. Waya uwe mfupi, kwa maana waya mrefu hula rezo. Na radi isisahauliwe. Mwaka 2016, watafiti waliotumia vipimo vya satelaiti waliiweka Sake kati ya mahali 10 panapopigwa radi zaidi duniani. Mvua ikianza kunguruma, waya uchomolewe, na mtu asikae karibu na mlingoti.

Wachuuzi nao wasikilizwe kwa uangalifu. Kijikaratasi cha kubandika nyuma ya simu hakiongezi kitu. Mashine ya kukuza rezo inahitaji rezo ya kukuza. Pasipo na kitu inje, haizalishi kitu ndani. Tena ile isiyoidhinishwa na ARPTC inaweza kuvuruga mnara na kuwanyima rezo majirani wote.

Hayo yote ni kuziba tundu. Paa bado linavuja. Wakaaji wa hapa walikatwa inite kwa ajili ya RAM kama watu wa Kinshasa, mpaka ilipoondolewa mwaka 2022. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 imeweka mfuko wa kupeleka mawasiliano mahali ambapo makampuni hayaoni faida. Kama Walikale si mahali hapo, ni wapi? Koltani ya Rubaya na kasiterite ya Bisie huishia ndani ya simu za dunia nzima, na mchimbaji wake anapanda kilima kutafuta mstari mmoja wa rezo.

Makampuni yaweke minara yenye nguvu za jua, isiyongoja lori la mafuta kwenye barabara mbovu. Wasimamizi wa mfuko waseme hadharani ni vijiji gani vya Masisi na Walikale vitapata mnara, na mwaka gani. Wenye bunduki wa pande zote waache minara na mafundi wapite salama. Wakubwa wa shule na makanisa wawaachie waliokimbia lile dirisha linaloshika.

Na yule anayesema «pandeni kilima» apande yeye kwanza, usiku, bila walinzi. Akirudi, ndipo aongee juu ya kuta za watu.