Historia kwa Magurudumu Mawili

Mwanafunzi anayesimulia vita vya Napoleon bila kusita huenda hajui kwamba mwaka wa 1895 Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza katika ngome ya Chetambe, karibu na Webuye. Likizo ijayo, kijana, azima baiskeli. Anzia jumba la makumbusho la Kitale, lililofunguliwa 1974, upitie Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, ndipo uelekee Bungoma. Jihadhari na malori! Matatu hufika upesi, lakini haimsubiri mzee amalize hadithi. Mwenye baiskeli hushuka, akaamkia, akaomba maji, akauliza. Wazee wanaojua habari za Chetambe wanazidi kupungua. Ukingoja mazishi yao, utaambulia hotuba tu.