Swali Ambalo Mzee wa Igunga Haulizwi

Igunga imekaa kando ya barabara kuu iendayo Mwanza. Mzee anayepanda basi hapo hutaka kwanza kujua litasimama wapi ili abiria "wachimbe dawa". Baadhi huacha kunywa maji tangu jana yake. Wengine huahirisha safari, hata ya mazishi ya ndugu. Nyumbani nako huamka mara nne au tano kila usiku. Wakiulizwa, hujibu kwamba huo ni uzee tu.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Tezi dume ni kiungo cha kila mwanamume. Kusema fulani "ana tezi dume", kana kwamba hilo ndilo jina la maradhi, huzusha hofu bure. Tezi hiyo iko chini ya kibofu, ikiuzunguka mrija wa mkojo. Kwa kijana huwa na uzito wa takriban gramu 20. Baada ya umri wa miaka 40 huanza kukua, na wafikapo 60 karibu nusu ya wanaume huwa na ukuaji huo, ingawa si wote wanaosumbuliwa. Ikiubana mrija, mkojo huchelewa kuanza, hutoka kwa mkondo dhaifu, hukatikakatika, na haja hurudi upesi. Hali hii si saratani wala haigeuki kuwa saratani. Haitokani na zinaa wala uchawi. Hata hivyo, mtu mmoja anaweza kuwa na ukuaji huo pamoja na saratani, na dalili peke yake haziwezi kuvitenganisha. Ndiyo maana ni lazima kupimwa.

Hatari ya kunyamaza ni kubwa. Kibofu husukuma kwa nguvu hadi kikachoka. Mkojo unaobaki ndani huzaa maambukizi na mawe, na shinikizo lake huweza kurudi hadi kwenye figo na kuziharibu polepole, pasipo maumivu. Siku mkojo unapofunga kabisa, mpira huleta nafuu ya haraka; lakini figo zilizokwisha kuharibika huenda zisipone.

Kwa haya, wazee hulaumiwa kwamba huchelewa na huona haya. Lawama hiyo si ya haki. Sitara ni malezi yao, si ujinga. Anayewapokea zahanati mara nyingi ni binti mwenye umri wa mjukuu, na haitarajiwi mzee amwanzie mazungumzo ya mkojo. Anayepaswa kuanza ni mhudumu. Wala umri wa binti huyo si kikwazo: kwa Wanyamwezi na Wasukuma, babu na mjukuu wana utani wao, na mjukuu huweza kumuuliza babu jambo ambalo mwana hathubutu. Mzee aliyefuata dawa za shinikizo la damu aamkiwe, atengwe faraghani, kisha aulizwe: "Babu, usiku unaamka mara ngapi? Mkojo unatoka vizuri?"

Kuamka usiku hakuthibitishi tezi iliyokua. Kisukari, kichocho, kovu la kisonono cha zamani na hata baadhi ya dawa za mafua huleta shida za mkojo, hivyo mkojo na sukari vipimwe kwanza. Kipimo cha kidole, kinachoogopwa kuliko vyote, huchukua chini ya dakika moja na hakimvunjii mtu heshima. Baada ya hapo, si kila mgonjwa hupasuliwa. Wapo wanaotosheka na kupunguza vinywaji nyakati za jioni, bila kujinyima maji mchana. Wapo wanaosaidiwa na vidonge vya kulegeza misuli ya njia ya mkojo, au vya kusinyaza tezi, ambavyo huhitaji miezi kadhaa. Wanaohitaji zaidi wana njia ya rufaa: Nkinga, iliyomo wilayani humo, Kitete mjini Tabora, au Bugando jijini Mwanza.

Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, afya ya wenye miaka 60 na zaidi imetambuliwa kuwa jukumu la taifa, na vituo vingi vina dirisha la wazee. Dirisha hilo halitamsaidia anayeondoka bila kuulizwa kinachomkosesha usingizi. Swali hili halihitaji mashine wala fedha. Jibu lake liandikwe katika daftari la mgonjwa, kando ya kipimo cha shinikizo la damu, na liulizwe tena kila arudipo.