Vijana wa Isiolo, Shairi la Mapenzi Msilitafute Mbali

Ndugu zangu vijana wa Isiolo, ninyi wa Bula Pesa na Kulamawe, wa Kambi Garba na Tulluroba, pamoja nanyi mlio Garba Tulla, Merti, Kinna na Oldonyiro, nawaomba mnitegee sikio. Naona mnavyohangaika. Mtu akishampenda mwenziwe, jambo la kwanza afanyalo ni kutoa simu mfukoni akatafuta maneno. Anataka shairi zuri la mapenzi. Anapekua, anakuta beti zilizotungwa na asiyemjua kwa ajili ya asiyemjua, anazinakili, anabadilisha jina, anatuma. Msichana anazipokea, anamwonyesha shoga yake, na shoga anasema beti hizo hizo alitumiwa mwezi uliopita na mwingine kabisa. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hapo aibu imeingia mahali palipotakiwa furaha.

Siwalaumu kwa kutafuta. Anayejisumbua kutafuta maneno mema ya kumwambia ampendaye amekwisha kuonyesha kwamba mpenzi huyo ana thamani machoni pake. Ninachokilaumu ni mahali mnapotafuta. Shauri langu ni moja, nami nitalitetea hadi mwisho wa makala haya: shairi jema la mapenzi hukomaa pale mtunzi anaposimama mbele ya watu wanaomjua, wanaoielewa lugha yake na maisha yake, wanaoweza kumwambia usoni kwamba hapa umesema kweli na hapa umedanganya. Kwa hiyo alitakaye shairi la namna hiyo na aende akamsikilize mtunzi wa kwao akiimba kwa kinywa chake mwenyewe.

Tuwatazame waliotutangulia. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1776 na kufa mwaka 1840, alitunga juu ya vita na siasa za watawala wa ukoo wa Mazrui, akatunga pia juu ya mapenzi, raha yake na machungu yake. Hakuacha kitabu kilichochapwa. Mashairi yake yalitoka kinywani mwake yakaingia vinywani mwa watu wa Mvita, yaani Mombasa, wakayasema barazani, wakajibizana kwayo. Miaka mingi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyeyakusanya kutoka katika kumbukumbu za watu, akayafikisha kwa Mwingereza W. E. Taylor, na diwani yenyewe ikachapishwa mwaka 1940, karne nzima tangu Muyaka azikwe. Fikirini jambo hilo. Ubeti uliokuwa mtupu haukuwa na sababu ya kubebwa kichwani miaka yote hiyo. Uliobebwa ni ule ambao watu walikataa kuusahau.

Siti binti Saad naye alitoka Fumba, kijiji cha Unguja, binti wa watu maskini aliyekuwa akiuza vyungu. Aliingia mjini mwaka 1911, akajifunza, akaimba majumbani na katika hadhara za wakubwa na wadogo, na ni mwaka 1928 ndipo aliposafiri kwenda Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri. Sahani zile zilimkuta fundi aliyekwisha kupimwa na wasikilizaji kwa miaka mingi. Hata karibu na zama zetu, Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, aliimba katika harusi usiku kucha, mara nyingi kwa maneno ya jamaa yake Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita. Kaseti za nyimbo zake zilisambaa nchi nzima, lakini waliompa jina walikuwa wale waliokaa mbele yake harusini, wakasikiliza kila neno, wakainuka kumtuza palipowachoma.

Najua mtaniambia: hao ni watu wa pwani, bahari imewalea pamoja na ushairi, sisi wa kaskazini tuna nini? Enyi vijana, tunacho kingi, na asiyekijua na aulize nyumbani kwao. Wasomali wa mji huu, ambao wengi wao babu zao walikuwa askari wa Mwingereza wakapewa makao hapa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ni watu wa taifa linaloheshimu ushairi kupita mali. Mshairi wao hushika sauti moja ya herufi tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho, na akiiacha njiani, wasikilizaji wanajua. Mama zao hutunga mashairi ya buraambur ya harusini ambayo hakuna mwanamume anayethubutu kuyadharau. Kutoka kwao tunapata habari ya Elmi Boodhari, kijana wa miaka ya 1930 aliyefanya kazi kwenye duka la mikate huko Berbera. Inasimuliwa kwamba msichana aitwaye Hodan aliingia dukani kununua mikate, Elmi akampenda, naye akaozwa mtu mwingine. Zama zile wanaume walitegemewa watunge juu ya ngamia, vita na heshima ya ukoo. Elmi alitunga juu ya Hodan, mbele ya watu waliomcheka, hadi alipokufa, na Wasomali wanasema hadi leo kwamba mapenzi ndiyo yaliyomuua.

Waturkana na Wasamburu je? Mwanamume wa Kiturkana ana dume lake la ng'ombe alipendalo, hulitungia wimbo, na yeye mwenyewe huitwa kwa jina la dume hilo. Humo ndani ya wimbo utasikia rangi ya ngozi, mkunjo wa pembe, mwendo wake likirudi jioni. Waborana na Wasamburu huwaimbia mifugo yao kisimani, wakati maji yanapochotwa na kupandishwa kwa mikono, na mnyama hujua sauti ya bwana wake. Hapa ndipo penye funzo kwa mshairi wa mapenzi. Mfugaji hasemi kwamba ng'ombe wake ni mzuri kuliko nyota zote. Husema alama iliyo juu ya bega la kushoto, kwa maana amemtazama. Wewe unayedai kumpenda binti wa watu, umemtazama kiasi gani? Unajua anapocheka hufanyaje mkono wake? Unajua ni neno gani humfanya anyamaze? Ukiwa hujui, hakuna shairi litakalokusaidia, na ukijua, umekwisha kupata nusu ya shairi.

Nimehudhuria maonyesho ya waimbaji wa mji wetu, na moja nitalieleza kwa sababu linathibitisha ninayoyasema. Mwimbaji alikuwa kijana anayetunga nyimbo zake mwenyewe. Ukumbi ulikuwa mdogo, viti vya plastiki, akina mama wa madera na mitandio upande mmoja, vijana wa bodaboda wamesongamana mlangoni. Yeye alikuwa na gitaa, mwenzake mmoja kwenye kinanda, mwingine kwenye ngoma. Beti alizitunga kwa Kiborana, kiitikio kwa Kiswahili ili asiachwe mtu nje. Aliimba juu ya msichana anayeuza maziwa ya ngamia, yale ambayo mabasi huyachukua kwenda kuuzwa Eastleigh, Nairobi. Akasema msichana huyo huyapokea madumu alfajiri. Mama mmoja akapaza sauti kutoka kitini: maziwa hayafiki alfajiri, hufika jua limekwisha panda! Ukumbi mzima ukacheka, mwimbaji akainamisha kichwa kwa heshima, na alipourudia ubeti ule aliuimba kama mama alivyosema: msichana amesimama juani, anatazama barabara, madumu ya jana yamekauka miguuni pake. Watu wakainuka, noti zikapelekwa jukwaani. Ubeti ule ulikuwa bora maradufu kuliko wa kwanza, na uliourekebisha ni umati.

Jambo kama hilo haliwezi kutokea kwenye beti mlizozinakili. Hakuna mama wa kuzisahihisha, kwa kuwa hazisemi habari ya mahali popote. Halitokei pia kwa msanii anayepanda jukwaani akatingisha midomo juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa, kwa maana wimbo huo haumsikii mtu. Pale tulipoketi walikuwako Waborana, Waturkana, Wasomali, Wameru na Wasamburu, watu ambao mji wao umepata majeraha ya ugomvi wa malisho na ardhi. Kwa saa mbili walikuwa wakishindana kujua msichana yule wa maziwa ataolewa na nani. Faida hiyo nayo msiidharau.

Tena yako mambo ya mapenzi ambayo asipoyasema mtunzi wa Isiolo hakuna wa kutusemea. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kunyesha ipasavyo, mmoja baada ya mwingine. Mifugo ilikufa, na pamoja nayo ikafa mahari ya vijana wengi. Ni wangapi waliokwisha kuchumbia wakalazimika kungoja? Ni wasichana wangapi waliokubali kungoja nao? Ushairi mkubwa umelala hapo, haujaamshwa. Kumbukeni wimbo Malaika, aliouimba Fadhili William, kisha Miriam Makeba akaupeleka mbali duniani. Kiini chake ni kijana anayependa na hana mali ya kuolea. Dunia iliupenda kwa sababu ulisema kinachomzuia mtu wa kwetu kuoa. Mtunzi wetu akisema ukame wa kwetu Sericho kwa ukweli ule ule, hata wasioijua Sericho watamwelewa.

Wako wazee wangu wanaoona kwamba nyimbo za mapenzi ni upotovu, na kwamba ninawachochea watoto. Nawaheshimu, nami nawajibu kwa adabu. Mwana Kupona binti Msham, mama mcha Mungu wa nchi ya Pate na Lamu, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Katika utendi huo huo unaomtaja Mola, alimfundisha kujipamba, kujifukiza manukato na kumliwaza mumewe. Shaaban Robert, ambaye hatuna mwalimu wa maadili mkubwa kumpita katika Kiswahili, alimlilia mkewe Amina kwa shairi ambalo wasomaji hawajaacha kulisoma. Mapenzi yakisemwa kwa heshima huwafundisha vijana kuheshimiana. Wakikosa maneno ya heshima, wazee wangu, vijana hawatanyamaza; watatumia ya matusi, na hayo yako tele.

Basi baada ya kusema hayo, natoa nasaha.

Kwanza, ninyi vijana mnaotafuta: nendeni kwenye maonyesho ya waimbaji wa hapa. Lipeni kiingilio, msipenye mlangoni kwa ujanja. Simu ile ile mliyokuwa mkiitumia kunakili, itumieni kumpelekea msanii shilingi kwa M-Pesa ubeti ukiwagusa. Mkisikia maneno mema, yahifadhini kichwani kama watu wa Mvita walivyofanya. Na mkitaka kumwandikia mpenzi, andikeni mistari minne yenu wenyewe, hata kama vina vimepinda. Mistari minne inayomhusu yeye peke yake itamfurahisha kuliko beti ishirini zinazomfaa kila mtu.

Pili, ninyi waimbaji: jifunzeni kazi. Msidhani sauti tamu inatosha. Sheikh Amri Abedi aliandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, nacho kinaeleza vina na mizani kwa namna ambayo mwanafunzi yeyote anaifahamu. Kisomeni. Nendeni pia kwa bibi zenu mkawaulize nyimbo walizoimbiwa usichanani, muone zilivyofungwa. Asiyejaliwa kutunga na atafute mtunzi, kama Juma Bhalo alivyopata hazina kwa jamaa yake. Hakuna fedheha kwa mmoja kutunga na mwingine kuimba. Zaidi ya yote, imbeni mbele ya watu kabla hamjaenda studio, na mtakaposahihishwa msikasirike.

Tatu, ninyi wazee na akina mama: njooni mketi mstari wa mbele. Mkiwaachia vijana peke yao ukumbini, nani atawaambia kwamba neno fulani la Kiborana wamelitumia vibaya, au kwamba msemo wa Kisomali wameukata katikati? Ukali wenu wa lugha ndio shule yao.

Nne, ninyi wenye kumbi, watangazaji wa redio, na serikali yetu ya kaunti: mnapoandaa sherehe, msimwite mwimbaji kutoka Nairobi mkamlipa fedha nyingi, kisha mkamwambia mtunzi wa hapa aimbe bure kwa sababu ni mtoto wa nyumbani. Mpeni muda wa kutosha, chombo kinachosikika na malipo anayostahili. Mwalikeni redioni asome maneno yake taratibu, bila ala, ili watu wayapime.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Walituachia ahadi ambayo ni juu yetu kuitimiza. Kijana akisimama mbele yetu, akatuimbia mapenzi yetu kwa lugha zetu, kisha akaondoka bila tuzo na bila sahihisho, atanyamaza au atahama, nasi tutarudi kunakili maneno ya watu tusiowajua. Tusikubali hayo. Jumamosi ijayo msanii wa Isiolo akipiga gitaa mjini, ukumbi na ujae, na kila mmoja wetu aje na masikio yake, na kitu mkononi.