CHOMBO NI KIMOJA, AMRI NI MBILI

Kuna mashine ambayo watu wa kusini mwa Afrika waliijua kwanza kwa hofu, kisha wakaijua kwa shukrani. Mashine hiyo ni helikopta ya injini mbili iitwayo Puma, pamoja na mrithi wake, Oryx. Yafaa kila mfanyakazi aichunguze historia yake, maana ndani yake mna fundisho juu ya mamlaka, kazi na ujirani.

Puma ilibuniwa Ufaransa, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1965. Ilikusudiwa kwa jeshi, kuchukua askari 16 pamoja na silaha zao. Faida ya injini mbili si vigumu kuielewa. Injini moja ikizimika angani, ya pili humwezesha rubani kufika mahali salama pa kutua. Kwa hiyo chombo cha namna hii hufaa sana kupita juu ya bahari, misitu na maji ya mafuriko. Na kwa kuwa tumbo lake ni pana, viti vyaweza kuondolewa, kikapakiwa unga, dawa au machela za wagonjwa. Chombo cha vita na chombo cha rehema ni kimoja.

Serikali ya makaburu ilinunua Puma kutoka Ufaransa. Tarehe 4 Mei 1978 majeshi yake yalishambulia kambi ya SWAPO huko Cassinga, ndani ya Angola. Wanamibia zaidi ya 600 waliuawa, wanawake na watoto wakiwamo. Askari wa miavuli walidondoshwa kutoka ndege kubwa, lakini walioondolewa hapo waliondolewa kwa helikopta, Puma zikiwa miongoni mwake. Bila helikopta hizo wauaji wasingekuwa na njia ya kurudi kwao.

Wakati huo Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kuweka vikwazo vya lazima vya silaha juu ya Afrika Kusini, mwezi wa Novemba 1977. Makaburu wakajibu kwa kuunda Oryx katika kiwanda cha Atlas, kwa kufuata umbo la Puma na kuitia injini zenye nguvu zaidi. Hawakuwa na nia ya kumwokoa mtu wa Msumbiji.

Mwaka 1994 utawala wa ubaguzi uliondoka. Helikopta zilibaki zile zile. Aliyebadilika ni mwenye kutoa amri. Mwezi wa Februari 2000 mto Limpopo na mto Save ilifurika, na tarehe 22 kimbunga Eline kikaipiga pwani ya Msumbiji. Watu mia kadhaa walikufa. Maelfu walikwea juu ya mapaa na miti, na mama mmoja alijifungua mtoto juu ya mti. Ndipo Oryx zilipokuja kutoka ng'ambo ya mpaka, zikateremsha waya na kuwanyanyua watu mmoja mmoja. Helikopta za Afrika Kusini ziliokoa watu zaidi ya 14,000. Wengine wengi waliokolewa kwa mashua, na jasho la mabaharia hao lisisahauliwe.

Wako wasemao kwamba mashine haina dhambi wala thawabu. Maneno hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mashine huchukua tabia ya yule anayeiamuru, na anayeiamuru hupata haki hiyo ama kwa ridhaa ya wananchi, ama kwa kuwakandamiza. Aliyepigania uhuru wa Afrika Kusini alipigania pia, pasipo kujua, uhai wa watu wale waliokuwa juu ya miti.

Hata hivyo, yatupasa kutazama mbele. Katika siku za mwanzo za mafuriko yale, helikopta zile zilikuwa chache mno, na nchi tajiri, zenye helikopta kwa mamia, zilichelewa kuleta zao. Tangu hapo Oryx zimepewa kazi nyingine nzito. Nchini Kongo zimetumika chini ya Umoja wa Mataifa, ambako tangu 2013 askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi walisimama katika brigedi moja. Tarehe 5 Februari 2023 Oryx mojawapo ilipigwa risasi karibu na Goma, na mmoja wa waliokuwamo akafa.

Lakini adui mkubwa wa Oryx leo ni banda lenyewe. Kwa miaka ya karibuni sehemu kubwa ya helikopta hizo zimekaa chini kwa kukosa vipuri na fedha za matengenezo. Hili ni jambo la wafanyakazi. Rubani husifiwa magazetini, ila anayemwezesha kuruka ni fundi aliyekagua kila parafujo. Serikali inayopunguza mafundi na vipuri ili kuweka akiba ya fedha huilipa akiba hiyo kwa roho za watu siku ya gharika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nchi za SADC zilikubaliana mwaka 2021 kuweka kituo cha misaada ya dharura huko Nacala, Msumbiji. Ni hatua njema. Lakini kituo kisicho na vyombo vya kuruka ni ofisi tu. Kimbunga Idai cha mwaka 2019 kilitukumbusha pale Beira kwamba maji hayasubiri mikutano. Kwa maoni yetu, nchi hizi sharti zichangie pamoja vipuri, mafuta na mafunzo ya mafundi, na zipatane mapema nani ataruka, kutoka wapi, na kwa gharama ya nani.

Vizazi vilivyotutangulia vilifanya kazi ya kubadili amri. Kazi yetu sisi ni kuhakikisha kwamba amri njema inapotolewa, chombo kipo na kinaruka.