Mbwa Koko Mwenye Jina la Kizungu

Nilikokulia, Morogoro, mbwa asiyejulikana baba yake huitwa koko, na hakuna anayetoa hata shilingi kumnunua. Hapa Leeds, Uingereza, ninakofanya kazi kwenye saluni ya mbwa, chotara ana jina la kupendeza, ana foleni ya wanunuzi, na wapo wanaomlipia zaidi ya pauni elfu moja. Anaitwa Labradoodle: mzazi mmoja Labrador, mwingine Poodle. Mbwa huyu simchukii hata kidogo. Ninachokichukia ni biashara ya jina lake, kwa sababu jina hilo linauza ahadi ambazo mbwa hawezi kuzitimiza, na deni analilipa yeye kwa ngozi yake.

Tuanzie mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanamke mmoja asiyeona huko Hawaii alihitaji mbwa wa kumwongoza, lakini mumewe alikuwa na mzio wa mbwa. Ombi lake lilifika Australia kwa Wally Conron, aliyesimamia uzalishaji wa mbwa katika chama cha mbwa waongozaji. Conron alijaribu Poodle 33, asipate hata mmoja anayefaa kazi hiyo. Ndipo akachanganya Labrador na Poodle. Walizaliwa watatu. Sampuli za manyoya na mate yao zikapelekwa Hawaii, na ni mmoja tu, Sultan, ambaye hakumdhuru yule mume. Mmoja kati ya watatu. Hesabu hiyo wauzaji wa leo hawaitaji.

Wale wawili waliobaki walihitaji familia za kuwalea. Familia zilizokuwa zikisubiri watoto wa mbwa zilikataa, hazikutaka chotara. Conron akaja na jina Labradoodle, likatangazwa, na simu zikaanza kulia. Manyoya yalikuwa yale yale, masikio yale yale, damu ile ile. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwajua watu wa matangazo. Conron mwenyewe, miaka mingi baadaye, alisema hadharani kwamba anajuta.

Ahadi ya kwanza ni kwamba mbwa huyu hasababishi mzio. Lakini kinachosumbua watu ni protini zinazotoka kwenye mate na ngozi ya mbwa. Mbwa asiyepukutisha manyoya bado anajilamba, na bado ana ngozi. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi waliwalinganisha mbwa wa aina zinazosifiwa hivyo, Labradoodle wakiwemo, na mbwa wengine. Manyoya ya wale wanaosifiwa yalikutwa na protini hiyo kwa wingi zaidi, na katika hewa ya nyumba zao hakukuwa na tofauti. Sasa fikiria familia yenye mtoto mwenye pumu iliyonunua mbwa kwa kuamini tangazo. Mtoto akianza kubanwa na kifua usiku, anayetolewa nyumbani ni mbwa. Muuzaji yeye ameshatia fedha mfukoni.

Ahadi ya pili ni kwamba hapukutishi manyoya, kwa hiyo hana kazi. Hapa mikono yangu inajua kuliko tangazo. Kwanza, si wote: katika uzao mmoja, huyu hupata manyoya ya Labrador, yule ya Poodle, mwingine katikati. Pili, unyoya usiodondoka unakwenda wapi? Unanasa kwenye mingine, inasokotana, inakuwa fundo, na fundo likilowa linakazana hadi kwenye ngozi. Naletewa mbwa ambaye kwa juu ni mwanasesere, lakini chanuo halipenyi. Makwapani na nyuma ya masikio manyoya yamekuwa zulia, na kila hatua anayopiga inamvuta ngozi. Hapo hakuna kuchana tena, ni kunyoa mpaka chini, na huko chini tunakuta wekundu na vidonda. Mwenye mbwa analia, ananiuliza kwa nini nimemharibia mbwa wake.

Ahadi ya tatu ni afya: eti chotara haumwi kama wazazi wake. Mwaka 2024 watafiti wa Royal Veterinary College walilinganisha Labradoodle na machotara wengine wawili wa Poodle na aina za wazazi wao. Katika asilimia 86.6 ya ulinganisho wa magonjwa, hawakuona tofauti.

Wapo watakaosema basi turudi kwenye mbegu safi. Sikubali. Labrador na Poodle nao walitengenezwa na watu, na kumdharau mbwa kwa uchotara wake ni upuuzi ule ule wa zile familia za Australia. Waliomkataa kwa sababu ya neno chotara na wanaomgombania kwa sababu ya neno Labradoodle, wote hawakumtazama mbwa.

Basi anayemtaka amtazame. Ni mbwa anayeweza kufika kilo 30, mwenye akili na nguvu, ambaye pande zote mbili wahenga wake walikuwa mbwa wa kuokota mawindo majini. Lazima akimbie kila siku. Achanwe hadi kwenye ngozi kila baada ya siku moja au mbili, apelekwe saluni kila wiki sita hadi nane, na masikio yakaushwe kila akitoka majini. Mnunuzi adai kuona vipimo vya nyonga na macho vya wazazi wote wawili. Mwenye mzio akae na mbwa huyo huyo anayetaka kumnunua, saa kadhaa, zaidi ya mara moja, kabla ya kulipa.

Muuzaji akikataa kukuonyesha vipimo hivyo, ujue anachouza ni jina. Mwachie jina lake, uondoke.