Wosia kwa punda, hesabu kwa nani?

Punda wa Lamu akipata kidonda, dawa yake mara nyingi imelipiwa na marehemu. Sisemi kwa mzaha. Kliniki ya punda iliyofunguliwa katika mji huo mwaka 1987 ni kazi ya The Donkey Sanctuary, shirika la hisani lenye makao yake karibu na Sidmouth, Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwenye punda humleta mnyama wake, pengine mgongo umechubuliwa na sogi la mchanga, pengine kamba ya nailoni imekula ngozi chini ya mkia. Anasafishwa, anadungwa sindano, anapewa dawa ya minyoo, na mwenyewe haombwi hata senti. Huko Uingereza zaidi ya nusu ya mapato ya shirika hutokana na wosia wa watu waliokwisha kuzikwa.

Shirika lenyewe lilikuzwa na wosia. Elisabeth Svendsen, mama mwenye hoteli, alilianzisha mwaka 1969 akiwa na punda wa kuhesabika. Mwaka 1974 akapata habari kwamba Violet Philpin, mpenda punda mwingine, amefariki na kumwachia punda 204. Mtu analala na mifugo yake michache, anaamka na mji mzima wa masikio marefu unaotaka nyasi. Tangu hapo waliokuwa wakifa hawakuacha punda tu, waliacha nyumba, hisa na akiba za benki.

Mwaka 2008 watafiti wa New Philanthropy Capital wa London waliweka tarakimu mbili kando kwa kando. Mashirika matatu makubwa ya kuwahudumia wanawake wanaopigwa majumbani yalikuwa na mapato ya pauni milioni 17 kwa jumla. The Donkey Sanctuary peke yake ilikuwa imepokea pauni milioni 20 mwaka 2006. Watu walikasirika, na hasira hiyo inaeleweka. Lakini naona walimfokea asiyehusika. Shirika halikumnyang'anya mtu. Lilipendwa, na kupendwa si kosa la kihasibu. Tarakimu zile zinawasuta Waingereza na mapenzi yao. Vitabu vya shirika ni shauri jingine.

Basi tuvifungue vitabu. Tume ya mashirika ya hisani ya Uingereza na Wales ina daftari lililo wazi kwa mtu yeyote mwenye simu. Humo kuna taarifa ya mwaka iliyopitiwa na mkaguzi wa nje: wosia umeleta kiasi gani, michango ya walio hai kiasi gani, kuchangisha kumegharimu nini, akiba iliyobaki ni ya kutosha miezi mingapi. Kuna hata jedwali la wafanyakazi wanaolipwa zaidi ya pauni 60,000 kwa mwaka, wamepangwa kwa madaraja ya elfu kumi kumi. Majina hayapo, idadi ipo. Ukizoea mashirika yetu ambayo kumwuliza mwenyekiti mshahara wa mkurugenzi ni sawa na kumtukana, jedwali hilo linakuacha mdomo wazi.

Kwa hiyo sidai kuna kilichofichwa. Ninachouliza ni nani anayezisoma hesabu hizo akiwa na sababu ya kukasirika. Katika shirika la kawaida mtoaji huuliza, na mpewaji akidhulumiwa hulalamika. Hapa mtoaji mkubwa yuko kaburini na mpewaji ana miguu minne. Wanabaki wadhamini, mkaguzi na tume, watu wa heshima wote, lakini hakuna kati yao anayelala njaa mambo yakienda kombo.

Watu wa pwani hawahitaji kueleweshwa shida hii, kwa kuwa wameishi nayo katika wakfu. Aliyeweka nyumba au shamba wakfu amekufa zamani, na mali iko mikononi mwa mtawalli, yaani msimamizi wake. Ila wakfu wa msikiti una jambo moja: wanaonufaika nao huingia humo mara tano kwa siku. Paa likivuja, tone la kwanza humwangukia mwenye ulimi. Tena wosia wa Kiislamu hauvuki theluthi ya mali, na warithi wanalindwa. Sheria ya Uingereza ni pana zaidi. Mwaka 2004 mama mmoja alifariki akaacha mali ya takriban pauni 486,000, karibu yote kwa mashirika matatu ya wanyama na ndege, yaani Blue Cross, RSPB na RSPCA, bila kumwachia kitu binti yake wa pekee. Kesi aliyofungua binti ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 mashirika yakashinda. Binti akabaki na pauni 50,000 alizokuwa amepewa na mahakama ya kwanza. Kisheria mashirika hayakukosea. Lakini pesa iliyopatikana kwa kumshinda mtoto wa marehemu ina deni kubwa la maelezo kuliko sadaka ya kikombe barabarani.

Wapenda uwazi wengi hukimbilia asilimia: katika kila pauni, peni ngapi zimemfikia mnyama? Mimi asilimia hizo sizipendi. Zinapikika. Barua ya kuomba mchango ikiongezewa aya mbili za namna ya kumtunza mnyama, sehemu ya gharama yake inaweza kuandikwa chini ya elimu kwa umma. Tena kuna kazi nzuri ambayo kwenye jedwali inaonekana mbaya. Januari 2017 shirika hili lilitoa ripoti kuhusu biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa China kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Kenya ilikuwa na machinjio manne yenye leseni ya kuchinja punda, na wenye punda walikuwa wakiamka na kukuta kamba tupu. Februari 2020 serikali ikatangaza kupiga marufuku uchinjaji huo. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaafiki marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi bara zima. Hayo hayakuletwa na shirika moja, na wenye punda wenyewe walipiga kelele sana. Lakini sehemu ya shirika katika kazi hiyo imeandikwa kwa lugha ya tiketi za ndege, mishahara ya wataalamu na kumbi za mikutano. Kwa macho ya asilimia huo ni ufujaji, na sindano moja ya Lamu ndiyo matumizi bora.

Ndiyo maana ningependa hesabu iliyogawanywa kwa mahali kuliko iliyogawanywa kwa peni. Jumla ya "kazi za kimataifa" haimwambii mwenye punda wa mtaa wa Langoni, Lamu, lolote, na imeandikwa kwa Kiingereza, kwa pauni. Yeye ndiye jirani wa paa linalovuja. Anajua kama daktari alikuja Jumatatu au hakuja, kama dawa ya minyoo iliisha mapema, kama kidonda kilichofungwa kwa bendeji nzuri kilirudi wiki ya pili kwa sababu kamba ni ile ile. Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Kama mashirika yangejua kuyasoma, mateke yale yangekuwa ukaguzi wa bure.

Misikitini tumezoea kusikia makusanyo ya Ijumaa yakitangazwa, pengine yameandikwa kwa chaki. Ubao kama huo kwenye ukuta wa kliniki yoyote ya punda si gharama ya kumshtua mdhamini: mwezi huu punda wangapi, dawa kiasi gani, mishahara kiasi gani, mafuta ya boti ya kwenda kisiwa cha Pate kiasi gani. Kwa Kiswahili, kwa shilingi. Mwenye punda aliyeketi barazani akisubiri zamu angeusoma taratibu, na nakuhakikishia swali lake la kwanza lingekuwa juu ya mafuta ya boti.