Pharamond: Mfalme Mwenye Picha Nyingi na Asiye na Kaburi

Katika mwaka 1679 kilitolewa mjini Paris kitabu kikubwa cha picha, kazi ya mchoraji Nicolas de Larmessin. Kitabu hicho chaonyesha wafalme wa Ufaransa mmoja mmoja, tangu wa kwanza hata Louis wa Kumi na Nne, aliyekuwa akitawala wakati ule. Na pamoja na kila picha yamepigwa chapa maelezo mafupi ya habari za mfalme yule. Wa kwanza katika safu hiyo ndefu aitwa Pharamond.

Larmessin hakuwa peke yake. Wachoraji wengi walimchora Pharamond kabla yake na baada yake. Mara nyingi twaonyeshwa mtu mzima mwenye ndevu, taji kichwani, na upanga au fimbo ya enzi mkononi. Picha nyingine zamwonyesha amesimama juu ya ngao iliyoinuliwa na askari, kwa kuwa yasemekana ndivyo Wafranki walivyomsimika mfalme wao. Nywele, vazi na macho vimechorwa kwa uangalifu sana, hata mtu atazamaye husema moyoni mwake, "Bila shaka huyu ndiye."

Lakini kuna jambo la kustaajabisha. Mfalme huyu hana kaburi lijulikanalo. Hakuna sarafu yenye jina lake, wala barua, wala sheria iliyotiwa muhuri wake. Wataalamu wa historia wa siku hizi hawamhesabu tena kuwa mtu aliyeishi kweli; wamweka pamoja na mashujaa wa hadithi. Basi imekuwaje mtu asiyeonwa na yeyote apewe uso, tena uso unaojulikana vizuri kuliko nyuso za wafalme wengi waliotawala kweli? Na yeye alimfaa nani? Haya ndiyo tutakayoyachungua juma hili.

Wafranki walikuwa makabila ya Kijerumani waliokaa karibu na mto Rhine. Nguvu za dola ya Warumi zilipopungua waliingia katika nchi iliyoitwa Gaul, na hatimaye jina lao ndilo lililokuwa jina la Ufaransa. Hadithi yasema kwamba Pharamond alianza kuwatawala karibu na mwaka 420, kwamba baba yake alikuwa Marcomer, na kwamba mwanawe alikuwa Chlodio. Yasema tena kwamba asili ya watu wake ni mji wa Troy, ule ulioangamizwa na Wayunani katika masimulizi ya kale.

Sasa na tumsikilize shahidi aliye karibu zaidi. Gregory, Askofu wa Tours, aliyefariki mwaka 594, aliandika historia ndefu ya Wafranki. Alichunguza vitabu vya waandishi wa Kirumi waliomtangulia ili apate habari za wafalme wa kwanza, akasema wazi kwamba jina la yule wa kwanza halikujulikana. Chlodio amtaja, na aeleza jinsi alivyouteka mji wa Cambrai. Pharamond hamtaji hata mara moja. Habari za Pharamond kuwa mfalme wa kwanza zatokea katika kitabu kingine, kilichoandikwa yapata mwaka 727, yaani zaidi ya miaka 130 baada ya Gregory kufa, na miaka 300 baada ya utawala wenyewe unaosimuliwa.

Wazee wetu husema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Neno hilo lilitimia kwa Pharamond. Mwandishi mmoja alimtaja. Wa pili akanakili maneno ya wa kwanza. Wa tatu akaongeza miaka ya kutawala. Na ufundi wa kupiga chapa ulipoenea Ulaya, mchoraji akampa uso. Tangu hapo aliyekuwa na shaka aliweza kuonyeshwa picha.

Yafaa tujue kwamba mafundi wa zamani hizo hawakuiona picha kama tunavyoiona sisi tuliozoea kamera. Mwaka 1493, katika mji wa Nuremberg huko Ujerumani, kilipigwa chapa kitabu cha historia ya ulimwengu kilichotungwa na Hartmann Schedel. Ndani yake mna picha zaidi ya 1,800, lakini vibao vya mti vilivyochongwa kwa kazi hiyo ni 645 tu. Maana yake ni kwamba kibao kimoja kilitumika mara nyingi. Uso ule ule uliopewa jina la mfalme mmoja katika ukurasa huu, ulipewa jina la mtu mwingine katika ukurasa ule. Na picha moja ya mji ilitumika kwa miji iliyo mbalimbali kabisa. Kadhalika mwaka 1553 Guillaume Rouillé, mpiga chapa wa mji wa Lyon, alitoa kitabu cha nyuso za watu mashuhuri, naye akaanza na nyuso za Adamu na Hawa. Picha ilikuwa kama kigingi cha kumfungia msomaji kumbukumbu, si ushahidi wa sura ya mtu.

Baadaye ufundi wa shaba ukaendelea mbele zaidi. Fundi huchukua bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa, akachimba mistari kwa chuma chenye ncha kali. Kisha hulipaka wino, akaufuta juu ya bamba hata wino ukabaki ndani ya mistari tu. Halafu karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake kwa mtambo. Mistari hiyo yaweza kuwa myembamba kama unywele, na kwa hiyo picha ya shaba huonekana kama uso wa mtu aliye hai. Hapo ndipo ilipo hatari. Kadiri ufundi ulivyozidi kuwa mzuri, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kwa mtazamaji kukumbuka kwamba fundi hakuwa na mtu wa kumtazama.

Labda msomaji atauliza, "Kuna madhara gani ikiwa Wafaransa walijipendezea na mfalme wa hadithi?" Jibu limo katika sheria iliyofungamanishwa na jina lake. Kitabu kile cha mwaka 727 chasema kwamba katika siku za Pharamond ndipo Wafranki walipoanza kuwa na sheria. Sheria hiyo yaitwa Sheria ya Salic, nayo ni kitu cha kweli kilichopo hata leo katika maandiko ya kale, ingawa wataalamu waiweka katika siku za Mfalme Clovis, aliyefariki mwaka 511.

Mkulima akiisoma sheria hiyo ataelewa mara moja kwamba iliandikwa kwa ajili ya watu wa mashamba na mifugo. Sura ya kwanza yahusu kuitwa barazani: aliyeitwa asipofika bila udhuru, faini ni sarafu 15 za dhahabu. Sura ya pili yahusu wizi wa nguruwe, nayo yatofautisha nguruwe mdogo na mkubwa. Zafuata sura za wizi wa ng'ombe, na baadaye wizi wa mizinga ya nyuki. Dia ya kumwua Mfranki aliye huru ilikuwa sarafu 200. Miongoni mwa maneno mengi ya namna hiyo mna kifungu kifupi kuhusu urithi, kisemacho kwamba katika ardhi ya Salic mwanamke hana fungu.

Hata kifungu hicho hakikukaa bila kubadilishwa. Mfalme Chilperic, aliyetawala tangu 561 hata 584, alitoa amri kwamba marehemu asiyeacha mwana wa kiume, binti yake na airithi ardhi ya baba yake, isichukuliwe na majirani. Basi Wafranki wenyewe waliona kwamba neno lile lilikuwa kali, wakalilegeza mapema.

Sasa turuke mbele miaka 700. Mwaka 1316 Mfalme Louis wa Kumi wa Ufaransa alifariki, na mwanawe wa kiume aliyezaliwa baada ya kifo chake akaishi siku chache tu. Alibaki binti mdogo, jina lake Jeanne, aliyekuwa na umri wa miaka minne. Baba yake mdogo, Philippe, alijitwalia kiti cha ufalme, na mwanzoni mwa mwaka 1317 mkutano wa wakuu ukatamka kwamba mwanamke hawezi kuurithi ufalme wa Ufaransa. Mwaka 1328 ukoo huo ukakosa tena mrithi wa kiume. Edward wa Tatu, Mfalme wa Uingereza, alidai kiti hicho kwa upande wa mama yake, Isabella, aliyekuwa dada wa mfalme aliyekufa. Wafaransa walikataa, wakamsimika Philippe wa Valois. Vita vilianza mwaka 1337, na kwa vipindi vya kupigana na kupumzika havikwisha mpaka 1453. Mashamba yalichomwa, vijiji vikahamwa, na watu ambao hawakujua lolote juu ya madai ya wafalme ndio walioumia zaidi.

Linalopasa kuangaliwa sana ni hili: wakuu walipomnyima mtoto Jeanne kiti cha baba yake, hawakufanya hivyo kwa kusoma Sheria ya Salic. Kifungu kile kilitafutwa na kutolewa baadaye, mara uamuzi ulipokwisha kufanywa. Ndipo neno lililohusu shamba la mkulima liligeuzwa kuwa neno la ufalme mzima, na ili lipate heshima ya ukale likafungwa kwa jina la Pharamond. Mzee mwenye ndevu na taji alifaa sana kwa kazi hiyo. Nani angethubutu kubishana na mfalme wa kwanza? Hata Shakespeare, katika mchezo wake wa Henry wa Tano, alimweka Askofu Mkuu wa Canterbury akieleza kwa maneno mengi kwamba sheria ile haikuwa ya Pharamond, wala haikutungwa kwa ajili ya nchi ya Ufaransa.

Walikuwako Wafaransa walioona mashaka, nao hawakunyamaza. Padre Gabriel Daniel, katika historia yake ya Ufaransa iliyotolewa mwaka 1713, alianza na Clovis, akawaacha wale wanaosemekana kumtangulia. Mwaka 1714 kijana mwanachuoni, Nicolas Fréret, mwenye umri wa miaka 26, alisoma mbele ya wenzake makala juu ya asili ya Wafranki. Alisema hawakutoka Troy, bali walikuwa muungano wa makabila ya Kijerumani. Mwaka ule ule alitiwa katika gereza la Bastille, na kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba kosa lake lilikuwa makala hiyo. Lakini leo hakuna mwanachuoni anayeshikilia habari ya Troy. Na maneno ya Fréret juu ya muungano wa makabila ndiyo yanayofundishwa.

Je, basi tuzitupe picha zote za kale? Hasha. Mwaka 1653, katika mji wa Tournai, ulioko sasa Ubelgiji, mfanyakazi mmoja wa ujenzi alikuwa akichimba karibu na kanisa la Mtakatifu Brice, akaona dhahabu. Lilikuwa kaburi la Mfalme Childeric, baba yake Clovis, aliyefariki mwaka 481 au 482. Ndani yake mlikuwamo silaha, sarafu, nyuki wa dhahabu zaidi ya 300, na pete ya muhuri yenye jina lake. Mganga mmoja mwenye elimu, Jean-Jacques Chifflet, aliviandikia kitabu mwaka 1655, akaagiza kila kitu kichorwe na kuchongwa katika shaba kama kilivyo.

Vitu hivyo vilipelekwa Vienna, na mwaka 1665 vikatolewa zawadi kwa Louis wa Kumi na Nne. Mwaka 1831 wezi waliingia usiku katika maktaba ya Paris wakaviiba, na sehemu kubwa ya dhahabu ikayeyushwa. Nyuki wamebaki wawili tu, na pete ya asili imepotea. Lakini kwa sababu ya picha za Chifflet, na alama za muhuri zilizopigwa kabla ya wizi, twaweza hata leo kumwona mfalme wa Wafranki kama alivyotaka kuonwa: nywele ndefu zimeangukia mabegani, mkuki mkononi, wala hana taji kama lile la wafalme wa baadaye. Mchoraji wa Childeric alikuwa na kitu mbele ya macho yake. Mchoraji wa Pharamond alikuwa na hadithi tu.

Picha hizi za aina mbili zilichorwa katika karne moja, kwa shaba ile ile na wino ule ule, nazo zote ni nzuri. Uzuri hauwezi kutuambia ipi ni shahidi na ipi ni pambo. Kwa hiyo, msomaji uonapo picha ya kale au habari ya kale, jiulize mambo matatu. Imefanywa lini, na miaka mingapi imepita tangu jambo lenyewe? Aliyeifanya alikuwa na nini mbele yake? Na ni nani aliyepata faida watu walipoiamini? Jeanne, mtoto wa miaka minne, hakuwa na umri wa kuuliza hata moja la maswali haya, na wakubwa waliomzunguka hawakutaka kuyauliza. Picha ya Pharamond yastahili kuhifadhiwa na kutazamwa kwa furaha, maana yatufundisha mengi juu ya watu walioichora. Juu ya Pharamond mwenyewe haitufundishi kitu.